Mstari Uliofutwa Jumanne Asubuhi

Ripoti ya kamati ina kurasa sita, na katika ukurasa wa nne imeandikwa hivi: "Mabadiliko yaliyosababisha hitilafu yalifanywa na mtumishi huyo mwenyewe, siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyopata kuandikiwa. Saa nne na dakika ishirini za Jumanne ile, mtumishi huyo, ambaye ni mdogo wangu wa mwisho kuzaliwa, alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya macho, amemshika mama yetu mkono, akimsikilizia namba za wagonjwa zilizokuwa zikiitwa. Mbali na yeye, tulikuwa watu watano tuliolijua jambo hilo. Wanne walinyamaza. Wa tano ni mimi, na kamati ilinijibu kwa mstari mmoja kwamba maneno ya ndugu wa tumbo moja hayapokelewi.

Kazini walimwita Mojamoja. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza katika kitengo cha takwimu cha hospitali, kwa sababu hakukubali jumla yoyote mpaka aione ikijengeka moja baada ya moja. Mpishi wa kantini alizoea kumchokoza: "Bi Mojamoja, na ngazi hizi umezihesabu?" Naye hujibu bila kusimama: "Kumi na tisa. Ya kumi na mbili imelegea. Iangalie, nisije nikakuingiza kwenye takwimu." Shahada yake aliipata akiwa na miaka thelathini na minane, darasani na vijana waliomwamkia kwanza ndipo wakamwomba daftari wanakili. Hakuwa mtu wa kujitapa. Jambo moja tu ndilo lililomfanya anyanyue kichwa akilizungumzia, nalo ni kiunganishi.

Nieleze kiunganishi ni nini, maana kamati yenyewe ilikaa siku nzima ikimhukumu mtu kwa kitu ambacho nusu ya wajumbe hawakukielewa. Hospitali ile ina zahanati tisa chini yake. Vipimo vikubwa hupelekwa maabara kuu, na majibu huwekwa kwenye tovuti ya maabara hiyo. Zamani makarani wawili walikaa kutwa wakifungua jibu moja moja kwenye kioo cha kompyuta na kulinakili katika rejista ya hospitali, wakikosea herufi, wakiruka mistari, wakigombania kiti chenye mgongo. Kisha maabara kuu ikafungua mlango wa pili katika tovuti yake, mlango ambao mafundi huuita API, uliotengenezwa ili programu izungumze na programu bila mtu kukaa katikati. Mdogo wangu aliandika programu ya kwenda kwenye mlango huo kila siku saa moja kamili asubuhi, kuomba rekodi mpya, kuzisoma na kuzipanga katika rejista. Miezi minne aliifanya kazi hiyo katika chumba kilicho chini ya ngazi, chenye meza mbili na dirisha linalotazama mashine za kufulia mashuka.

Ugumu wake alitueleza sebuleni kwa mama, Jumapili moja, huku akipanga vikombe mezani kwa mstari.

"Mlango ule hautoi rekodi zote kwa mkupuo," alisema. "Unatoa ukurasa mmoja wenye rekodi mia, kisha mimi naomba wa pili, wa tatu. Na zimepangwa kwa saa ya mwisho kuguswa. Sasa chukulia ni foleni. Nimeita watu mia wa kwanza, nimewahudumia. Kabla sijaita mia wa pili, mtu mmoja kati ya wale wa mwanzo anarekebishwa jina kule maabara, basi anatolewa alipokuwa anapelekwa mwisho wa foleni." Akakitoa kikombe cha pili, akakiweka mwisho. "Wote waliokuwa nyuma yake wanasogea hatua moja. Wa mia na moja anakuwa wa mia. Mimi nikija naanzia mia na moja. Yule aliyesogea nimemruka, wala sijui."

"Kwa hiyo kusoma kote kule," kaka yetu alisema akicheka, "kazi yako ni kusimamia foleni?"

"Ndiyo. Foleni ya watu wasioonekana, ambao hawawezi kupiga kelele wakirukwa."

Dawa aliyoipata ilikuwa mstari mmoja tu wa programu. Kila asubuhi kiunganishi hakikuanzia kilipoishia jana. Kilirudi siku mbili nyuma na kuzisoma tena rekodi zote tangu hapo, kisha kikazitupa zile ambazo namba zake zilikwisha kuingia. Aliyerukwa leo angeokotwa kesho, na kama si kesho, kesho kutwa. Gharama yake ilikuwa muda: badala ya dakika kumi na tatu, kazi ilichukua arobaini.

Mwaka uliofuata mama alimwomba amtafutie mke wa kaka yetu nafasi pale kazini. Wifi yetu alikuwa na cheti cha kompyuta, mikono myepesi na ulimi wa kumfanya hata mlinzi mkali wa geti acheke. Nilimpenda. Sote tulimpenda. Mdogo wangu alimkalisha kwenye meza ya pili akamfundisha kazi kama mtu anayemfundisha mtoto wake mwenyewe kuvuka barabara. Chumba kile kilikuwa na kompyuta moja yenye uwezo wa kubadilisha programu, na hospitali ilikuwa imesajili jina moja tu la mtumiaji, la mdogo wangu. Kila badiliko liliandikwa katika kumbukumbu kwa jina hilo, hata kama mikono iliyobonyeza ilikuwa ya mwingine. Ndivyo walivyozoea, na hakuna aliyeona ajabu.

"Wifi, nywila yako ndefu kama treni," wifi alimtania mdogo wangu siku alipopewa.

"Ishike kichwani. Usiiandike popote."

"Na nikisahau?"

"Uniulize. Kwani naenda wapi?"

Mkuu wa kitengo hakuzipenda dakika arobaini. Madaktari wawili walikuwa wakifika saa moja na robo, na walikuwa wamemlalamikia mbele ya wakubwa zake. Akashuka chini ya ngazi, akasimama mlangoni.

"Madaktari wanakaa wanatazama ukuta, Bi Mojamoja. Toa hizo siku mbili zako. Tusome ya jana tu."

"Watazame ukuta, mkuu, lakini wakifungua rejista wamkute kila mtu. Nikizitoa, atakayerukwa hutamjua mpaka aje kukulilia."

"Wewe kila kitu msiba."

Wifi yetu alikuwepo, ameketi mita mbili kutoka hapo. Alisikia swali, akasikia na jibu.

Jumanne iliyofuata mdogo wangu aliomba ruhusa kwa mkuu kwa mdomo, kama walivyozoea kuomba pale, akampeleka mama kupimwa macho. Jumatano asubuhi kiunganishi kilimaliza kazi kwa dakika kumi na tatu. Akashangaa.

"Maabara kuu wamenunua seva mpya," wifi alimwambia akiwa anafuta meza. "Walipiga simu jana ukiwa na mama. Wanasema sasa inakwenda kama upepo."

"Afadhali," mdogo wangu akasema.

Hapo ndipo alipokosea, na sitamtetea kwa hilo. Mwanamke aliyekagua kila rekodi ya wagonjwa wa zahanati tisa hakufungua programu yake mwenyewe kwa wiki tano, kwa kuwa aliyemwambia kwamba kila kitu ni salama alikuwa mke wa kaka yake.

Wiki ya tano aliingia mwanamke fundi cherehani, bado ana tepu ya kupimia shingoni, ameelekezwa huko kutoka dirisha la mapokezi.

"Mimi ni mtu mzima," alisema. "Mara ya kwanza mmeniambia majibu hayajarudi, nikaenda zangu. Mara ya pili mmeniambia mtandao. Leo nimepiga simu maabara kuu mwenyewe. Wanasema majibu yangu yametoka tangu tarehe tisa. Nani mwongo, nyinyi au wao?"

"Kaa kwanza, dada yangu."

"Sikai. Nimekaa wiki tano."

Mdogo wangu alitafuta namba yake. Katika tovuti ya maabara jibu lilikuwepo. Katika rejista ya hospitali halikuwepo. Ndipo alipoifungua programu akashuka nayo mstari kwa mstari mpaka mahali palipopasa kuwa na zile siku mbili, akakuta pamefungana kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu. Akafungua kumbukumbu ya mabadiliko. *Umefutwa mstari mmoja.* Mbele yake tarehe, saa, na jina lake yeye.

"Dada, nilikaa nikajiuliza kama akili imeanza kunitoka," aliniambia. "Kisha nikaiona ile Jumanne. Nikamgeukia wifi. Hakuwepo. Alikuwa amekwenda kuchukua maji ya kunywa, na jagi lilikuwa mezani limejaa."

Alipolinganisha tovuti na rejista alikuta watu kumi na saba wamerukwa. Aliwapigia simu wote siku ileile, akisoma jina, namba na jibu, akiomba radhi kwa kila mmoja peke yake. Watano walipaswa kuwa wameanza dawa zamani, na fundi cherehani alikuwa mmoja wao. Kisha akapanda ngazi kumi na tisa kwenda kumweleza mkuu, kwa kuwa utaratibu unataka hivyo na yeye ni mtu wa utaratibu. Ndani ya saa moja jina lake la mtumiaji lilifungwa, "ili ushahidi usiharibiwe." Aliomba mstari urudishwe kabla ya jambo lingine lolote. Akajibiwa kwamba hakuna kitakachoguswa mpaka kamati ikae. Kwa siku kumi kiunganishi kiliendelea kuruka watu, na kwa siku kumi yeye aliketi na tovuti upande mmoja na rejista iliyochapishwa upande wa pili, akilinganisha kwa kidole. Aliokota wengine wanne. Nani alimtuma? Hakuna. Nani alimshukuru? Msiniulize.

Jumamosi mchana, kabla ya kikao, tulikutana kwa mama. Kaka yetu ndiye aliyetuita. Wifi alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Mkuu ndiye aliyeniambia," alisema kabla hajaulizwa. "Aliniambia nikiutoa bila kelele atanithibitisha kazini. Sikujua watu watarukwa."

"Ulinisikia nikimwambia," mdogo wangu akamjibu. "Na ile seva mpya, wifi?"

Wifi akautoa mkoba mapajani, akauweka sakafuni.

Kaka akaingilia. "Mdogo wangu, tuzungumze kikubwa. Wewe una shahada, una miaka kumi na moja pale. Hawatakufukuza. Watakupa onyo, yatapita. Huyu hajathibitishwa, na ana mimba changa. Akifukuzwa, akipata mshtuko?"

"Na mimi nimechongwa kwa mbao?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, kaka. Umetumia maneno mengi tu."

Kisha mdogo wangu akatoa fomu kwenye bahasha. Alikuwa amekwisha kwenda kliniki ya macho, na kule walimwambia wana kila kitu: saa ya mama kuingia, saa ya kutoka, na jina la msindikizaji. Lakini kumbukumbu za mgonjwa hazitoki bila saini ya mgonjwa. Hospitali, kwa upande wake, haina kitabu cha mahudhurio kwa watumishi wa ngazi yake. Karatasi ile moja ndiyo iliyobaki kati yake na jina baya.

"Mama," alisema, akapiga goti mbele ya kiti chake, "sikuombi umtaje mtu. Weka saini tu, wajue kwamba asubuhi ile ulitibiwa, na mimi nilikuwa nawe."

Mama aliikunja ile fomu mara mbili, akaikunja mara ya tatu. "Mwanangu, na macho haya, mstari wa saini nitauona wapi?"

"Nitakushika mkono."

"Nina mtoto mmoja wa kiume. Usinibomolee nyumba yake."

Hapo nilishindwa kujizuia. "Na mabinti, mama, unao wangapi?"

"Nyinyi mna nguvu," alinijibu, kwa upole, kama mtu anayesifu. Akaisukuma fomu chini ya kitambaa cha meza na kuuliza nani atakunywa chai.

Mpaka leo sijui lililoniuma zaidi ni lipi, kukataa kule au ule upole. Tangu utotoni mtoto mwenye nguvu katika nyumba yetu ndiye aliyebebeshwa, kisha akasifiwa kwa kubeba, na tukauita huo upendo. Mdogo wangu aliinuka, akafuta magoti, akasema kwaheri kwa kila mmoja kwa heshima yake. Wifi naye aliagwa. Nilimfuata hadi barabarani. Hakulia. Aliniambia tu, "Dada, wangeniomba niwasaidie kulitafutia njia, ningeitafuta. Wao walikuja wakiwa wamekwisha kunigawa."

Yaliyotokea kwenye kamati nimeyasoma katika ripoti na kuyasikia kwake, na hayapingani. Mkuu aliulizwa kama aliamuru mstari ule ufutwe. Akasema yeye anajua kilichomo kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ina jina la mtu. Akaulizwa kuhusu ruhusa ya Jumanne. Akasema hana ombi la maandishi. Wifi aliitwa kama shahidi.

"Nywila ya kompyuta ile ilikuwa ya nani?"

"Yake."

"Mtu mwingine aliijua?"

"Alikuwa mwangalifu sana," wifi akasema. Jibu zuri kiasi hicho haliji lenyewe. Alilipika nyumbani.

Mdogo wangu alisimama na kueleza yote bila kupandisha sauti: foleni, siku mbili, kliniki, sebule, na aliyekiri sebuleni. Mwenyekiti akamuuliza kama ana karatasi yoyote ya kuthibitisha. Hakuwa nayo. Basi akaelezwa uamuzi: atie saini barua ya kukiri uzembe, ashushwe daraja, abaki katika chumba kilekile chini ya msimamizi mpya wa kiunganishi, ambaye ni mke wa kaka yake. Asipotia saini, atakuwa ameiacha kazi mwenyewe.

"Sitatia saini," alisema. "Lakini mstari haujarudishwa, na kesho saa moja kinawaka tena. Nipeni nusu saa."

Walimkumbusha kwamba jina lake la mtumiaji limefungwa. Kamati, katika hekima yake ya kuchelewa, ilikuwa imeagiza kila mtu asajiliwe kwa jina lake, na la wifi lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo.

"Basi ataandika yeye," mdogo wangu akasema. "Mimi nitamtajia."

Wakashuka wote wawili chini ya ngazi. Mashine za kufulia zilikuwa zinaunguruma nje ya dirisha. Wifi akakaa kwenye kiti, mdogo wangu akasimama nyuma yake, mikono ameifunga kifuani.

"Shuka mpaka mstari wa mia mbili na kumi. Acha nafasi. Andika."

Wifi aliandika. Alipofika katikati machozi yakadondoka kwenye vibonyezo.

"Wifi, unafikiri utakuja kunisamehe?"

"Umeweka tatu. Ni mbili. Futa."

"Wifi, nakuomba."

"Siku mbili nyuma, kutoka rekodi ya mwisho iliyosomwa. Si kutoka leo. Soma kwa sauti nisikie."

Akasoma kwa sauti, pua imeziba.

"Sasa kirudishe nyuma mpaka ile Jumanne, mara hii moja tu, kisome zote tangu hapo. Hifadhi. Washa."

Walingoja. Kurasa zilikuja moja baada ya moja, mia, mia, mia, na kila jibu lililokwisha kuingia likatupwa kama inavyopasa. Mwisho ikatokea idadi ya majibu ambayo rejista haikuwahi kuyaona: ishirini na mawili. Kumi na saba aliyajua. Manne aliyaokota kwa kidole. Moja lilimponyoka hata yeye. Alichukua kalamu, akaandika namba ya simu ya huyo mmoja kwenye kipande cha karatasi, akampa wifi. "Mpigie sasa hivi. Jitambulishe kwa jina lako." Akabaki amesimama mpaka simu ilipopokelewa kule upande wa pili, ndipo akachukua mkoba wake akatoka.

Barua ya kukiri haina saini yake, na haitakuwa nayo. Kwa mama haendi, na kila ninapokwenda naulizwa kwa mshangao wa kweli ni kitu gani kimemkasirisha. Lakini yeyote atakayefungua kumbukumbu ya kiunganishi kile, leo au baada ya miaka kumi, ataona mistari miwili inayofuatana. Wa kwanza unasema mdogo wangu alifuta. Wa pili unasema wifi yetu alirekebisha. Nimesikia kwamba mwezi uliopita, mbele ya watumishi wote, mkuu alimpigia wifi makofi kwa kazi hiyo, na kwamba alisimama akayapokea.